Karibu Kabla ya Nani

Mgeni binti Nyamizi alipewa siku tatu aliue kosa ambalo bila hilo asingezaliwa.

Sisemi kwa mafumbo, na mwenye haraka ya kubisha angoje kidogo. Kosa lenyewe lilikuwa mistari miwili tu ya programu, nayo ilikuwa imejikalia ndani ya Bawabu kwa miaka thelathini na moja, sawasawa na umri wa Mgeni. Watu wote wa Handaki walilijua hilo na walimtania kwalo tangu chekechea. Wenzako wana mama na baba, walimwambia, wewe una mama na mlango. Naye alicheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli.

Handaki ulikuwa mji uliochimbwa chini ya mbuga za Ugogo, zama ambazo jua lilikuwa limeacha utani na watu. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, aliyebaki juu bila kivuli alikuwa na dakika chache za kuhesabu. Kwa hiyo mlango mkuu wa Handaki haukuwa mlango wa kuzuia mbuzi wasiingie. Ukikufungukia, unaishi. Usipokufungukia, ndugu zako watakuja kukuchukua jua likishapoa.

Aliyeufungua ni Bawabu, na Bawabu hakuwa mtu, ilikuwa programu. Unasimama mbele ya chuma, unasema hodi, ombi lako linakwenda kwake, naye anakujibu kwa mojawapo ya njia tatu. Akisema Karibu, mlango unafunguka. Akisema Hapana, basi. Akisema Pita kule, anakuelekeza kwenye mlango mwingine unaokuhusu, ukapige hodi huko. Kazi yake yote ni hiyo, na aliifanya mara elfu kumi kwa siku bila kupiga miayo.

Ila Bawabu alikuwa na ulemavu mmoja ambao ndugu zake wote wa aina hiyo wanao: hana kumbukumbu hata chembe. Akishakujibu, amekusahau. Toka, rudi baada ya nukta mbili, na kwake wewe ni mtu mpya ambaye hajawahi kumtia machoni. Ndiyo maana kila mkazi alivaa bangili yenye kidakuzi, yaani mfuatano mdogo wa tarakimu ambao Bawabu mwenyewe alimpa siku alipoandikishwa. Ukipiga hodi, bangili inamnong'oneza Bawabu tarakimu zile, naye anachungulia kwenye orodha ya vikao, yaani ruhusa zilizotolewa: aa, kumbe ni fulani, kikao chake bado kiko hai, mwache apite. Aliyekipa kidakuzi jina hilo alijua anachosema, kwa maana kazi yake ni udaku mtupu, kupeleka habari zako kwa mwenye mlango kabla hujafungua mdomo.

Sasa, je, asiye na kidakuzi? Hapo ndipo lilipokaa kosa. Kwa mpangilio wa Bawabu, mtu wa namna hiyo aliambiwa kwanza Karibu, akafunguliwa kikao kwa jina la Mgeni, kisha ndipo akaulizwa wewe ni nani. Lakini mlango haungoji maswali. Ukisikia Karibu, umeshafunguka.

Miaka thelathini na moja nyuma, msichana aitwaye Nyamizi alifika mbele ya chuma kile kwa miguu, ametokea upande wa Tabora, lori lililombeba limekufa njiani na mimba yake imetimia. Hakujua bangili wala kidakuzi. Alijua kwamba ukifika mlangoni kwa watu unapiga hodi, akapiga. Mlango ukamwambia karibu. Alijifungua hatua ishirini baada ya kuingia, katika ukumbi mdogo ulioko kati ya mlango wa nje na mlango wa ndani, na muuguzi aliyekuja mbio alitazama kioo cha ukutani kilichoandika Kikao kipya, jina Mgeni, akalinakili jina hilo kwenye kadi ya mtoto bila kuuliza mtu. Mama yake alilipenda, likabaki.

Na tangu siku ile Nyamizi hakuwahi kuupita mlango wa nje bila kuugusa kwa kiganja na kusema asante. Alifanya hivyo akiwa na haraka, akiwa na mzigo kichwani, akiwa na homa. Vijana walimcheka kwamba mama huyu anashukuru chuma.

*

Mkuu wa Milango, Bwana Senyagwa, alimwita Mgeni ofisini kwake Jumanne. Hakupandisha sauti, na Mgeni angefurahi zaidi kama angepandisha.

Alimkumbusha mambo ambayo wote wawili waliyajua. Wiki tatu nyuma mtu asiye na kidakuzi alikuja, akaambiwa karibu, akaingia mpaka kwenye chumba cha mitambo, akang'oa bomba la shaba la mtambo wa ubaridi, akatoka nalo kwa mlango uleule uliomkaribisha. Wodi ya wazee ilikaa saa moja na nusu bila ubaridi. Hakufa mtu, wakasema watu, tushukuru. Lakini mama yake Senyagwa, aliyeingia wodini kwa miguu yake kutibiwa jino, hakuwahi kusimama tena, na siku hizi alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake marehemu.

Mgeni ndiye aliyekuwa fundi wa Bawabu. Alikuwa amelisoma kosa lile mara nyingi kuliko alivyosoma barua yoyote maishani mwake, na kila mara aliliruka. Senyagwa alilijua hilo pia, ingawa hakulitaja.

"Najua mlango ule ulikufanyia nini, Mgeni," akasema. "Na wewe unajua ulimfanyia nini mama yangu. Ijumaa saa nne uwe umefungwa."

Alitoka akiwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa na wa kulaumiwa. Kama Senyagwa angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Ila alikuwa mtoto wa mtu, kama yeye.

Jambo moja lilimsumbua. Je, aliyeandika mistari ile alikusudia, au aliteleza? Kama alikusudia, pengine alikuwa na sababu ambayo ingeweza kusemwa mbele ya Senyagwa. Kama aliteleza, basi maisha yake Mgeni, jina lake, na asante zote za mama yake zilisimama juu ya uzembe wa mtu mmoja aliyekuwa na usingizi. Alifukua nyaraka za zamani mpaka akalipata jina: Sechelela. Bibi huyo alikuwa hai. Aliacha uhandisi miaka kumi na tano iliyopita, akahamia kituo cha kupima mvua kule kilimani, kwenye shimo lake mwenyewe, anateremka mjini mara tatu au nne kwa mwaka.

Mgeni alimtumia ujumbe kwa redio: ana swali moja tu, aje Ijumaa kabla jua halijakaza. Jibu lilikuja jioni ileile. Nitakuja, niandalieni uji wa uwele.

Uji alimwagiza mama yake. Alimwambia ni kwa ajili ya bibi wa kituo cha mvua, akaishia hapo. Hakutaja mlango. Aliogopa Sechelela angekuja na kusema aa, lile, nilikosea tu, na mama yake ayasikie hayo kwa masikio yake.

*

Ijumaa asubuhi aliandika marekebisho. Yalikuwa mafupi, ya kutia aibu kwa ufupi wake. Asiye na kidakuzi asiambiwe tena Karibu. Aambiwe Pita kule, aelekezwe kwenye dirisha la uandikishaji lililoko hatua arobaini kufuata ukuta wa nje, aandikwe, apewe kidakuzi, ndipo arudi mlangoni kama watu wengine. Alijaribu kwa bangili yake, mlango ukafunguka. Akajaribu kwa bangili ya Senyagwa, ukafunguka. Dakika tano kabla ya saa nne aliyapeleka marekebisho kwa Bawabu, akakaa chini, akalia kidogo, akapangusa uso.

Alikuwa amefanya kosa ambalo hulifanya mtu aliyevaa bangili tangu siku aliyozaliwa: hakujaribu kwa mkono mtupu.

Dirisha la uandikishaji nalo lilikuwa chini ya Bawabu. Na kama huduma nyingine zote za Handaki, dirisha lilidai kidakuzi kabla ya kufunguka, na asiye nacho lilimwelekeza mlangoni akaanzie huko. Zamani hilo halikuwa na madhara, kwa sababu mlango ulikuwa umeshampa mtu kikao cha Mgeni kabla hajafika dirishani. Sasa mlango ulisema nenda dirishani, na dirisha likasema anzia mlangoni. Kila aliyewahi kufuatilia cheti serikalini anaujua ugonjwa huu, tofauti ni kwamba huku ulikuwa unaugulia juani.

Mgeni aliona mstari wa kwanza kwenye daftari la Bawabu saa nne na dakika ishirini. Mlango mkuu, hodi, hana kidakuzi, pita kule. Dakika mbili baadaye: dirisha, hodi, hana kidakuzi, pita kule. Kisha mlango tena. Kisha dirisha. Alidhani ni mtambo umejing'ang'ania mahali, mambo ya kawaida, akavuta kiti amtafute mwenye hitilafu.

Halafu akatazama saa. Kati ya hodi ya kwanza na ya pili zilikuwa dakika mbili. Kati ya ya tatu na ya nne, tatu. Kati ya ya tano na ya sita, dakika sita nzima. Mtambo hauchoki. Huyu alikuwa mtu anayetembea, na mwendo wake ulikuwa unaisha.

Mgeni alimkumbuka bibi wa kilimani, ambaye alikuwa bado hajafika. Sechelela aliteremka mjini mara ya mwisho miezi mitatu na siku nne iliyopita, na kidakuzi kisichotumika kwa miezi mitatu hufa chenyewe. Bibi wa watu alikuwa amevaa bangili iliyokufa, anazungushwa na Bawabu aliyemwandika kwa mikono yake.

Kurudisha programu ya zamani kungechukua dakika nane. Mgeni aliacha kila kitu wazi mezani akakimbia. Katika ukumbi wa kati kulikuwa na usukani wa chuma wa kufungulia mlango wa nje kwa mkono, na juu yake tangazo kwamba asiuguse mtu bila amri ya Mkuu. Aliushika, akauzungusha mpaka ngozi ya viganja ikachunika. Mwanga ukaingia kwanza, kisha joto likampiga usoni, kisha akamwona bibi mwembamba amekaa chini ameegemea chuma, amejifunika kanga kichwani, mkono bado umeinuliwa nusu kana kwamba anataka kugonga.

Mikono miwili ikapita pembeni yake ikamshika bibi makwapani. Ni Senyagwa. Alikuwa amesikia usukani ukilia na kuja kugomba, lakini hakugomba. Walimwingiza pamoja, wakamlaza kwenye sakafu ya ukumbi, mlango ukafungwa.

"Mwepesi," akasema Senyagwa kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. "Mwepesi kama mama."

*

Walimnywesha maji kidogo kidogo, wakamfunika uso kwa kitambaa kilicholoweshwa. Ilipita robo saa kabla hajasema neno, na neno lenyewe lilionyesha kwamba kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyao wote wawili.

"Nani kaandika ule mchezo wa nenda-rudi?"

Mgeni alikiri kuwa ni yeye. Alimwomba radhi.

"Ulijaribu kwa mkono mtupu?"

"Hapana, bibi."

"Mimi pia sikujaribu, nilipoandika wa kwanza." Kitambaa kilipanda na kushuka kwa pumzi zake. "Ndilo swali lako, siyo? Uliza basi, nisife kabla."

Mgeni aliuliza. Alitamani Senyagwa asiwepo, na papo hapo alitaka awepo asikie.

Sechelela alilieleza bila kulipamba. Alisema alikulia Mpwapwa, katika nyumba ambayo jiko lilikuwa uani na mlango ulikuwa mbele. Mama yake akisikia hodi akiwa anasonga ugali, alijibu karibu hukohuko kwa sauti ya juu, mwiko mkononi, kisha ndipo alipouliza nani mwenzangu. Kila siku ya utoto wake aliyasikia maneno hayo mawili kwa mpangilio huo. Siku alipoandika majibu ya Bawabu alikuwa amechoka na hakufikiri. Vidole viliandika kama mdomo ulivyozoea, karibu kwanza, nani baadaye. Ilikuwa kuteleza, hakuna zaidi.

Kwa hiyo ndivyo. Alitaka kusema sawa, ila bibi alikuwa hajamaliza.

"Baada ya siku saba nililiona. Nikafungua daftari la Bawabu nijue ni akina nani wameingia bure kwa kosa langu. Alikuwa mmoja tu. Mwanamke, amejifungua mtoto wa kike hapahapa ukumbini." Alitoa mkono kwenye kanga, akagusa sakafu. "Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nikakiondoa. Kwa hiyo, binti, lilikuwa kosa kwa siku saba. Miaka iliyofuata yote ulikuwa uamuzi wangu, na nilikuwa macho."

"Mtoto huyo ni mimi," akasema Mgeni.

Bibi hakushtuka. Alisema alishangaa kidogo fundi wa milango kumwita mzee kutoka kilimani kwa swali moja, akahisi lazima swali hilo linamgusa kwa damu. Mgeni alimshika mkono uliokuwa sakafuni. Aliyoyasema hapo yalikuwa marefu na hayakuwa na mpangilio: alimshukuru kwa kidole kile alichokiondoa, kwa mama yake, kwa jina, kwa kila sikukuu aliyoila, hata kwa utani wa chekechea. Sechelela alimwacha amalize. Kisha akasema shukrani za siku saba azipeleke Mpwapwa, kwenye kaburi la mama aliyesonga ugali, lakini za miaka iliyobaki anazipokea mwenyewe na zimemfurahisha sana.

Senyagwa alikuwa amechuchumaa ukutani. Alianza kuzungumza akitazama chini, na maneno yalimtoka polepole. Alisema yeye hawezi kuurudisha mlango kama ulivyokuwa. Mama yake amelala kule wodini, na kila siku humwita yeye kwa jina la kaka yake marehemu. Lakini asubuhi hii angeweza kumzika mama wa mtu mwingine kwa amri yake mwenyewe. Hataki lile, na hataki hili.

Mgeni alitazama mahali walipokaa. Ukuta huku, ukuta huku, mlango wa nje nyuma yao na wa ndani mbele. Alizaliwa kwenye sakafu hii na hakuwahi kuiona mpaka leo.

"Mkuu, nyumbani kwenu mgeni asiyejulikana alikaa wapi?"

"Barazani," akajibu Senyagwa bila kufikiri.

Kisha akafikiri. Mgeni aliendelea, sasa kwa haraka. Mlango wa nje useme Karibu kwa kila mtu, mwenye kidakuzi na asiye nacho. Asiye nacho apewe kikao cha Mgeni, kikao chembamba, kinachofungua ukumbi huu peke yake, chenye maji na kivuli na benchi, na kinachokwisha saa kumi na moja jioni nje kukipoa. Dirisha la uandikishaji lihamishiwe humu ndani. Mlango wa ndani ndio uulize nani, na usifunguke mpaka ujibiwe.

"Na akija mwenye nyundo?"

"Atavunja benchi."

Senyagwa alipangusa uso wake kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Benchi tutatengeneza, akasema. Ila ubaridi wa kutosha ukumbi mzima mchana kutwa lazima utoke mahali, na hautatoka wodini. Mgeni alimwambia auchukue kwenye karakana ya mafundi, watafanya kazi na feni. Senyagwa akaongeza kwamba mitambo isiachiwe wageni peke yake. Lazima mtu akae hapa kila siku saa za jua, mtu wa kumpa anayeingia maji na kumtazama usoni. Zamu ya kwanza ni yake yeye, kuanzia kesho. Akainuka kwenda kutafuta benchi.

Mlango wa ndani ulifunguka kabla hajaufikia. Nyamizi aliingia na chupa ya uji chini ya kwapa na vikombe mkononi, akampisha Mkuu apite, akamsalimu. Hakujua lolote kati ya yaliyotokea. Aliona mwanawe amepiga magoti na mtu amelala amefunikwa uso, akataka kuuliza, lakini miguu ilikuwa na desturi yake na ikampeleka kwanza pale ilipozoea. Aliuwekea kiganja mlango wa nje, uliokuwa bado wa moto.

"Asante," akasema.

"Karibu," akajibu Sechelela chini ya kitambaa, palepale, bila kungoja.

Nyamizi aliganda. Miaka thelathini na moja alikuwa akiushukuru mlango ule, na haukuwahi kumjibu. Aligeuka taratibu, akamtazama bibi, akamtazama Mgeni. Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Mama yake akaweka vikombe chini kimoja kimoja, akakaa sakafuni karibu na kichwa cha bibi.

"Nani mwenzangu?" akauliza Sechelela.

"Mimi," akasema Nyamizi. "Nilipiga hodi zamani."